Mstari Uliopita Shambani kwa Mwanamkuu

Mwalimu Mwishehe alikuwa mtu mnyoofu, na watu wa Vihingo walipomwita hivyo walikuwa na maana zote mbili. Kwanza hakujua kusema uongo, hata ule mdogo wa kumsifia mtu pilau yake. Pili alitembea kama aliyemeza mpini wa jembe. Kaptura yake ya kaki ilikuwa na mkunjo ulioshuka bila kuyumba mpaka gotini, soksi zake zilivutwa juu zikalingana, na kwa mwanamume asiye na mke mambo hayo yalizua maswali. Kina mama waliokuwa wakienda kisimani walisema huenda huwa anazipima kwa rula kila asubuhi. Walikuwa wakitania tu, lakini hawakuwa mbali na ukweli.

Kwao kulikuwa Janga, upande wa Kibaha, kwa wakulima wa mpunga na mihogo. Mama yake, Bi Swaumu, alipenda kusimulia kwamba mwanawe alipotumwa kupanda mihogo alianza kwa kufunga kamba. Ndugu zake walikuwa wamekwisha ingia tuta la tatu, yeye bado amechuchumaa pembeni, kafumba jicho moja, anatazama kama kamba imekaa sawa.

"Muhogo unakwenda chini, mwanangu," mama yake alikuwa akimwambia. "Huko chini nani ataona kama umepinda?"

Mwishehe alifumbua lile jicho. Alifumba jicho la pili, akatazama tena.

Mtoto wa namna hiyo hafai sana kwa kilimo, basi akapelekwa shule, na shule ikampeleka chuo cha ualimu. Huko ndiko yalikomkuta yaliyomkuta. Siku moja mkufunzi wao aliandika ubaoni y = 2x + 1, akawaambia wampe x namba yoyote waitakayo, kisha watafute y. Mwishehe akampa x sifuri, akapata y moja. Akampa moja, akapata tatu. Akampa mbili, akapata tano. Mpaka hapo hakuona ajabu. Mkufunzi akawagawia karatasi zenye miraba, akawaonyesha mstari wa kulala ambao ni njia ya x na mstari wa kusimama ambao ni njia ya y, akasema kila jozi ya namba ina mahali pake pa kukaa. Tembea kulia kwa hesabu ya x, panda juu kwa hesabu ya y, weka nukta.

Mwishehe akaweka nukta ya kwanza, ya pili, ya tatu. Zikajipanga kama askari waliopigiwa filimbi. Akaweka ya nne, nayo ikaenda kusimama nyuma ya wenzake bila kuambiwa. Mpaka siku hiyo alidhani hesabu ni kitu cha kutafuta jibu na kulipigia mstari chini. Kumbe hesabu yenyewe yaweza kuwa mstari! Hakula chakula cha mchana. Wenzake walidhani amefiwa, wakaja kumpa pole.

Mwaka wa hamsini na mbili alihamishiwa Vihingo, Kisarawe, kufundisha darasa la juu katika shule ya makuti iliyokuwa na ubao mmoja. Ubao huo ulikuwa na fundo la mti katikati, kila mstari uliofika hapo ukaruka kama mtu aliyekanyaga mwiba. Karatasi za miraba hazikuwapo. Rula ilikuwa moja, nayo ilikuwa imevunjika mwanzoni, inaanzia inchi ya tatu. Mwalimu Mwishehe akaandika ubaoni ule mlinganyo wake, akageuka na uso uliong'aa kama wa mtu anayemtambulisha mchumba.

"Mwalimu," akasema Abeid, mwanafunzi aliyekuwa na ulimi mwepesi kuliko wote, "huyu x ni nani?"

"X ni namba yoyote."

"Yoyote? Sasa tutamjuaje?"

"Hatuhitaji kumjua. Unampa namba unayotaka wewe."

"Na y?"

"Y hana hiari. Anamfuata x. Chochote anachopewa x, y atakizidisha kwa mbili na kuongeza moja."

Darasa likamwonea huruma y. Mwalimu akajaribu kuchora, mstari ukafika kwenye fundo la ubao, ukaruka. Akafuta, akachora tena, ukaruka tena. Mwishowe akaweka chaki mfukoni, akasema wote watoke nje.

Nje kulikuwa na uwanja wa mchanga na mlingoti wa bendera. Mwalimu akasema pale chini ya mlingoti ndipo penye sifuri. Akatandaza kamba ya katani kuelekea mashariki, akasema hiyo ni njia ya x. Akatandaza nyingine kuelekea kaskazini, akasema hiyo ni njia ya y. Kipimo kikawa hatua moja yake mwenyewe, maana hakuna mtu Vihingo aliyekuwa na hatua za kulingana kama zake. Kisha akawaita watoto mmoja mmoja. Wa kwanza akapewa x sifuri. Hakwenda mashariki hata kidogo, akapanda hatua moja kaskazini, akasimama. Wa pili akapewa moja, akaenda hatua moja mashariki, akapanda tatu. Abeid akapewa mbili. Akaenda mbili, akapanda nne, akasimama akiwa ameridhika na nafsi yake. Wa nne akapewa tatu, akapanda saba.

"Sasa tazameni," akasema Mwalimu.

Wakatazama. Watoto watatu walikuwa kwenye mstari, na Abeid alikuwa amejitokeza chini kidogo kama jino lililoota vibaya. Hakuna aliyehitaji kuambiwa. Darasa zima likaangua kicheko, na Abeid mwenyewe akajitazama miguuni, akapiga hesabu upya kwa vidole, akasema, "Ala! Ile moja niliisahau," akapanda hatua moja. Alipofika tu mstari ukanyooka.

Mwalimu Mwishehe alijisikia kulia. Aliwaeleza kwamba mstari wa aina hii ukiushika kwa nukta mbili tu umekwisha upata wote, lakini mtu mwangalifu huweka na ya tatu, ili ikiwa amekosea mstari umwambie. Msichana mmoja akauliza, "Mwalimu, huu mstari unaishia wapi?"

"Hauishi."

Angenyamaza hapo, hadithi hii isingekuwapo. Lakini jibu lile liliwapanda watoto kichwani, na kusema kweli lilimpanda na yeye. Wakachonga mambo za miti, yaani vigingi, wakazifunga vipande vyeupe vya kanzu kuukuu ili zionekane kwa mbali, wakaanza kuzikita. X nne, y tisa. X tano, y kumi na moja. Wakatoka uwanjani, wakaingia kwenye vichaka, wakavuka njia ya kisimani. Mwalimu alikuwa nyuma, jicho moja limefumbwa, anapaza sauti: "Kushoto kidogo! Hapo hapo! Kita!" Hakutazama nini kiko mbele. Alitazama kama mambo zimenyooka. Walipochoka walikuwa wamekwisha vuka shamba zima la mihogo, na mashina kadhaa yaliyokuwa njiani yalikuwa yamelala chini.

Shamba lilikuwa la Mwanamkuu.

Mwanamkuu alikuwa mwanamke wa miaka isiyofika thelathini, aliyeolewa mbali, akaachika, akarudi kulima shamba aliloachiwa na mama yake. Alilima peke yake na alisema peke yake, yaani aliposema, wengine walinyamaza. Siku ile alikuwa amekwenda gulioni. Aliporudi kesho yake asubuhi na jembe begani, akakuta mambo zimesimama katikati ya mihogo yake, zimevaa vitambaa vyeupe.

Inafaa kujua kwamba mwaka uliotangulia walikuja watu wa kupima, ng'ambo ya bonde. Nao walikita mambo, nao walifunga vitambaa vyeupe, na baada ya muda wenye mashamba yale waliambiwa wakatafute pengine. Kwa hiyo Mwanamkuu hakuona hesabu pale. Aliona shamba la mama yake linaondoka.

Hakupiga kelele. Aling'oa mambo ya kwanza. Akainua macho, akaona ya pili mbele yake. Akaing'oa. Akaona ya tatu. Akaendelea hivyo, anang'oa na kukumbatia, anang'oa na kukumbatia, akavuka njia ya kisimani, na watu waliokuwa wakienda kisimani wakatua ndoo zao wakamfuata. Akapita vichakani, akatokea uwanjani, akapita kwenye mchanga akiwa hajapinda hata mara moja, akafika kwenye mlingoti, akageuka, akaingia darasani na mzigo wa mambo mikononi.

Mwalimu Mwishehe alikuwa ameshika chaki. Akamtazama yule mwanamke, akazitazama zile mambo, akauona mlango, na kupitia mlangoni akauona umati wa watu. Mtu mwingine angeogopa. Yeye uso wake ulichangamka.

"Umeufuata mstari!" akasema.

"Nimeufuata," akasema Mwanamkuu, akazitupa mambo sakafuni. "Umenileta kwako. Sasa niambie, Mwalimu, shambani kwangu unatafuta nini?"

"Dada yangu, sikuja mimi. Ni mlinganyo."

"Huyo Mlinganyo ni ndugu yako?"

"Hapana, ni..."

"Mwite hapa. Kama ana nguvu za kuvunja mihogo ya watu, ana na mdomo wa kusema."

Wanafunzi waliziba midomo kwa mikono. Mwalimu akaonyesha ubaoni. Mwanamkuu akaitazama ile y na ile x kwa muda, kisha akamtazama mwenyewe kuanzia soksi mpaka kichwani, polepole, kama mtu anayechagua samaki.

"Kwa Jumbe," akasema, akatoka.

Jumbe Mwinyimadi, mkuu wa kijiji, aliitisha baraza siku ile ile alasiri, maana habari ilikuwa imekwisha fika kila mji na katika kila mji ilikuwa imeongezeka mguu. Wengine walisema barabara inakuja. Wengine walisema reli. Mzee mmoja alikuwa na hakika kwamba ni shamba la mkonge na kwamba mwalimu alitumwa miezi mingi nyuma, akajifanya kufundisha. Watu walikaa kwenye mikeka mbele ya nyumba ya Jumbe, wanaume upande huu, wanawake upande ule, Mwanamkuu mbele kabisa. Mwalimu Mwishehe akasimama katikati. Alijua sana kufundisha watoto. Watu wazima waliokasirika hakuwahi kuwafundisha.

"Shikamooni wazee," akaanza.

"Marahaba. Nani aliyekutuma?" akauliza Jumbe.

"Sikutumwa na mtu. Nilikuwa nafundisha watoto mstari."

"Mstari wa nini?"

"Wa hesabu tu, Jumbe. Hauna kazi nyingine."

Watu wakanung'unika. Kitu kisicho na kazi kimevuka kijiji kizima? Mzee Husseini, aliyekuwa na minazi jirani na shamba la Mwanamkuu, akainua fimbo yake. "Mwalimu, mimi nina swali dogo. Huo mstari wako ulipofika mwisho wa mihogo ya huyu binti, ndipo ulipokoma?"

Hapo kila mtu mwenye akili angesema ndiyo. Mwalimu Mwishehe akajaribu. Walioketi karibu walimwona akifungua mdomo, akiufunga, na jasho likimtoka.

"Tulikoma sisi," akasema. "Mstari haukomi."

"Haukomi?"

"Mstari hauna mwisho, mzee. Ukiendelea nao utavuka bonde, utakwenda mpaka njia kuu ya Morogoro, utaivuka, utaendelea."

"Lahaula!" wakasema wazee. Mzee Husseini akatafuta mahali pa kuegemea.

"Na upande huu?" akauliza Jumbe, aliyeanza kuona jambo ambalo hakulipenda. "Ulianzia kwenye mlingoti, sivyo?"

"Hapana, Jumbe. Sisi ndio tulioanzia karibu na mlingoti. Lakini x anaweza kuwa chini ya sifuri, naye akiwa hivyo mstari unarudi nyuma, unashuka kusini-magharibi. X akiwa hasi moja, y ni hasi moja. X akiwa hasi mbili, y ni hasi tatu." Akageuka, akafumba jicho moja, akanyoosha mkono kutoka kwenye mlingoti kupita juu ya vichwa vya watu. "Unapita pale."

Watu wote wakageuka kutazama alipoonyesha. Kilikuwa choo cha Jumbe.

Halafu mtu mmoja upande wa wanawake alikohoa kwa namna isiyokuwa ya kikohozi, na baraza zima likaangua kicheko. Watu walicheka mpaka mikeka ikakunjika. Jumbe alijaribu kukunja uso, akashindwa, akajifuta macho kwa kilemba. Mwalimu peke yake hakucheka. Alikuwa bado amenyoosha mkono, anahakikisha.

Ni Mwanamkuu aliyetuliza watu. Alisimama, na yeye alikuwa amecheka, ila alikuwa anajitahidi kuficha.

"Jamani, nisikilizeni. Mimi nilikuja hapa nikijua huyu ni mwizi wa mashamba. Sasa nawauliza. Mwizi akiulizwa mstari wake unaishia wapi, si angesema unaishia hapo hapo, msiwe na wasiwasi? Huyu kaulizwa mara mbili, na mara zote mbili kajitafutia balaa zaidi. Huyu si mwizi. Huyu ni mwalimu tu."

Wakakubali kwamba kweli, hakuna serikali ambayo ingemtuma mtu wa namna hii.

"Lakini mihogo yangu imevunjika," akaendelea, akamgeukia mwenyewe. "Na sitaki mstari shambani kwangu, uwe wa hesabu au wa nini. Uondoe."

"Tumekwisha ng'oa mambo..."

"Mambo nimeng'oa mimi. Nasema mstari."

Mwalimu akafikiri. "Mstari siwezi kuuondoa. Y ni mara mbili ya x, ongeza moja. Ndivyo ulivyo."

"Kwani nani alisema iwe mbili na moja?"

"Mimi."

"Basi sema nyingine."

Miaka yote ambayo Mwalimu aliupenda mlinganyo ule hakuna mtu aliyewahi kumwambia maneno hayo. Akachuchumaa papo hapo kwenye mchanga mbele ya mikeka, akachora kwa kijiti njia ya x na njia ya y, akaweka kokoto moja kwa shamba la Mwanamkuu, moja kwa minazi ya Mzee Husseini, moja kwa makaburini, moja kwa msitu. Wazee wakasogea. Wanawake nao wakasogea, na ule utaratibu wa upande huu na upande ule ukasahauliwa.

"Mna namba mbili za kubadilisha," akasema, na sauti yake ikawa ile ya darasani. "Hii moja ya mwisho inasema mstari unaikata njia ya y wapi. Ukiiongeza, mstari mzima unapanda juu kama ulivyo, bila kuinama. Ukiipunguza, unashuka."

"Iongeze," akasema Mwanamkuu.

Akaifanya thelathini. Mstari ukahama kutoka shambani, ukapita katikati ya makaburi.

"Mnataka kuwapimia na waliolala?" akafoka mzee mmoja. "Irudishe!"

Akaipunguza, akaifanya hasi thelathini. Mstari ukahamia upande wa pili, ukaingia kwenye minazi.

"Aa, hapana," akasema Mzee Husseini, akauzuia kwa fimbo kama mtu anayezuia mbuzi. "Binti, mpelekee mwingine."

"Mzee, minazi yako mirefu, mstari utapita chini, hautaigusa."

"Mihogo yako nayo ipo chini ya ardhi, upite juu!"

Wakawa wanapigania kokoto. Mtu anasema iwe kumi, mwingine anasema hapana, kumi inampitia shemeji yangu, iwe hasi ishirini. Mwalimu alichora na kufuta, kuchora na kufuta, magoti ya kaki yameingia mchanga, hakuna aliyewahi kumwona hivyo. Jumbe aliyekuwa ameketi kitini alishuka, akachuchumaa naye, maana kila mtu alikuwa akihamisha mstari na yeye alikuwa na choo cha kukitetea.

"Na hii mbili?" akauliza Mwanamkuu. "Hii hujaigusa. Kazi yake nini?"

"Hiyo ndiyo inayoamua mstari unapanda kwa haraka kiasi gani. Ukienda mashariki hatua moja, unapanda mbili. Ukiifanya nne, unasimama zaidi, kama mtu anayepanda mnazi."

"Na ukiipunguza?"

"Unalala."

"Ulaze."

Akairudisha ile moja ya mwisho, akaifanya mbili kuwa nusu. Nenda mashariki hatua mbili, panda moja. Nenda mbili tena, panda moja tena. Mstari ukaanzia pale pale karibu na mlingoti, lakini badala ya kukimbilia kaskazini ukainama, ukakatiza uwanja wa mpira, ukaiacha mihogo kushoto, ukaiacha na minazi, ukaenda ukaingia msituni. Wakautazama upande wa nyuma. Ulipita kwenye kichuguu ambacho hakikuwa cha mtu. Choo kilisalimika.

"Huko msituni je?" akauliza Jumbe, aliyependa kumaliza mambo yote.

"Huko wapo nguruwe," akasema Mwanamkuu. "Wakiwa na neno watakuja barazani wenyewe."

Hukumu ikatolewa kwamba mstari wa Vihingo uwe y sawa na nusu ya x ongeza moja, na kwamba Mwalimu akamlimie Mwanamkuu mahali alipovunja. Watu wakarudi majumbani mwao wakibishana juu ya hasi thelathini.

Mwalimu alikwenda kulima Jumamosi. Alikuja na jembe la kuazima, na ilimbidi Mwanamkuu amwambie mara tatu kwamba kamba haihitajiki. Alilima vibaya kwa sababu hakuzoea tena, lakini hakulalamika, na alipochoka aliketi akanywa maji kwa kata ya kifuu bila kumsifia mwenye shamba wala mihogo yake. Mwanamkuu alikuwa amekwisha sikia sifa nyingi za wanaume. Jambo la mtu kukaa mbele yake na kukosa la kusema lilimpendeza kuliko alivyotarajia.

"Mwalimu," akamwuliza, "kule barazani ulipoulizwa na Mzee Husseini, ulishindwa nini kusema mstari umekoma?"

"Haukukoma."

"Najua. Nauliza ulishindwa nini kusema."

Akafikiri sana. "Nilijaribu," akasema. "Ulimi ulikataa."

Mwanamkuu alicheka mpaka akaweka jembe chini. Jumamosi iliyofuata Mwalimu alikuja tena, ingawa sehemu iliyovunjika ilikuwa imekwisha. Alisema ameona magugu. Magugu hayakuwapo, na ikawa huo ndio uongo wa kwanza uliowahi kumtoka, na kila mtu Vihingo akaujua kabla ya magharibi.

Baada ya miezi mitatu hivi alimwendea Jumbe, akiwa amevaa soksi zote mbili na shati lililonyooshwa kwa pasi, akamwomba amsemee. Jumbe alikwenda kwa Mwanamkuu, akarudi amejaa kicheko. "Amekubali," akasema, "ila ana sharti. Anasema siku ukija na wazee wako uje kwa njia ya kuzunguka kama watu wengine. Usimkatizie shambani."

Bi Swaumu alikuja kutoka Janga kwa lori la mizigo, akamwona mkwewe, wakaongea wawili peke yao jikoni muda mrefu, na waliokaa nje walisikia wanacheka. Mwishehe alijua ni yeye anayechekwa. Aliketi barazani na wazee, ameshika kikombe cha kahawa, na hakuwa na furaha ya namna hiyo tangu siku ile ya karatasi za miraba.

Walikaa Vihingo miaka minne. Ilipofika wakati wa uhamisho alipangiwa shule upande wa Kibaha, na Mwanamkuu akamwachia dada wa mama yake shamba, wakahama. Nyumba waliyopewa ilikuwa na chumba kimoja na mlango wa mbao nyeusi. Mwanamkuu hakuwahi kusoma, lakini tangu lile baraza alikuwa na njaa ya zile kokoto, na jioni alipokuwa akisubiri wali uive alimwambia mumewe achore. Akachora mlangoni kwa chaki. Akamfundisha namba, kisha x na y, kisha jinsi ya kutafuta nukta tatu na kuziunganisha. Mwanamkuu alikataa rula. Alizitazama nukta, akavuta chaki kwa mkono mmoja, mstari ukatoka na tumbo kidogo katikati, akasema huo ndio unaomfaa.

Jumapili moja mchana, joto kali, Mwalimu alikuwa amejinyoosha kwenye mkeka. Mwanamkuu alikuwa mlangoni na chaki.

"Baba," akamwita, "nikiandika y sawa na tatu, nikamwacha x kabisa?"

"Hapo x awe nani asiwe nani, y ni tatu tu," akajibu macho yamefumba. "Mstari haupandi wala haushuki."

Akaweka nukta. Kwa x sifuri, tatu. Kwa x moja, tatu. Kwa x tano, tatu. Akavuta chaki, mstari ukalala mlangoni kutoka ukingo huu hadi ukingo ule. Akautazama, kisha akamtazama mumewe pale chini, amenyooka kwenye mkeka, soksi miguuni.

"Huu nimeuelewa bila hata kufundishwa," akasema, akaanza kuandika mwingine.